Bibi Kidawa na Wageni Mia Mbili

Zena ana miaka sita. Anaishi Korogwe na mama yake, bibi yake, na kuku mmoja mlafi.

Bibi yake anaitwa Bibi Kidawa. Zamani, Korogwe nzima, arusi bila wali wa Bibi Kidawa haikuwa arusi. Sufuria yake ilikuwa kubwa! Zena angeingia ndani, asionekane hata kisogo.

Siku hizi Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Anasahau viatu viko wapi. Anasahau kama amekula. Hata jina la Zena analisahau.

Lakini arusi? Hasahau! Kila siku alasiri Bibi hushika ungo na kuita:

"Wageni wanakuja! Wageni wanakuja!
Na mchele haujachambuliwa!"

"Hakuna wageni, Mama," mama Zena humjibu. "Hakuna arusi."

"Ipo!"

"Haipo!"

"Ipo!"

"Haipo!"

Kuku hukimbilia uvunguni. Bibi hulia. Mama naye huingia jikoni, akalia huko peke yake.

Zena huumia sana. Anataka Bibi acheke kama zamani.

Siku moja Mama alikuwa anafua. Fyu, fyu, fyu! Zena akatazama mlangoni. Lo! Bibi anatoka, ungo kichwani, anakwenda zake barabarani!

Zena akakimbia. Puku, puku, puku! Akamshika Bibi kanga.

"Niache, we mtoto!" Bibi akasema.

"Wageni wanakuja! Wageni wanakuja!
Na mchele haujachambuliwa!"

Zena alitaka kusema, "Hakuna wageni." Lakini macho ya Bibi yalikuwa na machozi. Basi akauliza, "Wageni wangapi, Bibi?"

"Mia mbili!"

"Uwii! Mia mbili! Na mimi sijui kuchambua mchele. Nifundishe, Bibi."

Bibi akasimama. Akamtazama Zena toka juu mpaka chini.

"Hujui? Mtoto mkubwa hivi? Unangoja ufundishwe na kuku?"

Akageuka, akarudi nyumbani mbiombio.

Wakakaa mkekani. Bibi akatia mchele kwenye ungo. Mikono yake haikuwa imesahau kitu.

"Che, che, che, pepeta!
Chuya toka! Jiwe toka!"

Zena akajaribu. Che, che... pwaa! Mchele wote ukamwagika chini. Kuku akatoka uvunguni, akala kwa haraka. Ko, ko, ko!

"Huyo ndiye mgeni wa kwanza!" Bibi akasema. Akacheka mpaka jino lake moja likaonekana.

Mama akaja na povu mikononi. "Nani anacheka?" Hakuamini macho yake.

Wakauzoa mchele uliobaki, wakauchambua wote. "Mwingine uko wapi?" Bibi akauliza. Hapakuwa na mwingine. Zena akawaza, akawazua. Kisha akachukua kunde, akazimwaga kwenye mchele safi. Mwaaa!

"Zena! Unafanya nini?" Mama akashangaa.

"Nampa Bibi kazi."

Mama akakumbuka maneno ya muuguzi aliyempima Bibi: "Usibishane naye. Mpe kazi anayoipenda. Na wewe, uombe msaada, upumzike."

Kesho yake, alasiri, Bibi akashika ungo.

"Wageni wanakuja! Wageni wanakuja!"

Mama hakusema "haipo." Alisema, "Ndiyo, Mama. Kaa, tuchambue."

Mara wakasikia, "Hodi! Hodi!"

Alikuwa jirani, Mama Chiku, na shoga zake watatu. Kila mmoja na ungo wake! Mama ndiye aliyewaomba waje.

Bibi akapiga makofi. Pa, pa, pa! "Si nilisema? Mlinibishia! Karibuni, wageni, karibuni!"

Wote wakakaa mkekani, wakaimba:

"Che, che, che, pepeta!
Chuya toka! Jiwe toka!"

Na Mama? Mama alijinyoosha pembeni, akalala fofofo. Khorooo! Khorooo! Hakuna aliyemwamsha.

Usiku, Zena akamfunika Bibi shuka.

"We mtoto, jina lako nani?" Bibi akauliza.

"Zena."

"Jina zuri. Na mkono wako mzuri, utakuwa mpishi. Kesho usichelewe, Zena."

"Kwa nini, Bibi?"

Bibi akapiga mwayo. Zena naye akapiga mwayo.

"Wageni wanakuja," Bibi akasema polepole. "Wageni wanakuja."

Wakalala.