Kituo Namba Saba

"Nyanyuka, Mwanahalima. Twende tukazungumze pembeni."

Kitwana alisema hivyo bila hata kupiga hodi, amesimama kwenye ngazi ya baraza ya watu pale Kwa Mathias, Kibaha, kofia ameikunja mkononi. Mwanahalima hakunyanyuka. Mbele yake meza ilijaa karatasi za tarakimu, na upande wa pili wa meza alikaa kijana mwenye miwani ambaye Kitwana hamjui. Hakuhitaji kumjua. Aliyokwisha kuyasikia yalimtosha.

"Pembeni kufanya nini?" Mwanahalima alimjibu, sauti yake ndogo lakini haitetemeki. "Hapa kila apitaye barabarani ananiona. Kaa useme."

"Mara ya nne hii unakuja Kibaha. Mimi naishi Kibaha. Mara zote nne hukufika kwangu, unafika kwa huyu."

Aliyejibu ni mama wa yule kijana, Mama Wilhelmina, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni.

"Baba, kwanza salamu."

Kitwana aliona haya. Hasira ilikuwa imemsahaulisha adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ni mwanangu Telesphory, anafundisha chuo kikuu. Huyo binti ni mwanafunzi wake. Nami nimekaa hapa tangu asubuhi, mara zote nne. Sasa gombaneni."

Nieleze kidogo, maana Kitwana si mtu mbaya na sitaki umchukie mapema. Alikuwa bwana shamba, na pamoja na kazi zake nyingine alitunza kipimo cha mvua. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kile chombo cha bati, akapima maji, akaandika kwenye fomu. Aprili ya mwaka 1981 alikwenda Kisarawe na mshenga wake, Mzee Jumbe, kumposa Mwanahalima kwa Mzee Mwinyimadi, baba mdogo aliyemlea. Posa ikakubaliwa, harusi ikangoja masomo. Tangu hapo Kitwana aliwachosha watu ofisini kwa maneno yake: mchumba wangu yuko chuo kikuu, mchumba wangu anaongea na kompyuta.

Sasa ilikuwa Septemba ya mwaka wa pili wa uchumba, na mchumba anayeongea na kompyuta alikuwa amefeli somo hilohilo la kompyuta.

Hakumwambia mtu. Alirudi likizo Kisarawe, akapewa mtihani wa marudio: aandike programu itakayosoma mvua za vituo kumi na kutoa wastani wa kila kituo. Akishindwa, chuo kimekwisha. Vituo tisa vilikubali. Cha saba kilikataa. Kila alipopeleka chuoni kadi zake, zile zinazotobolewa matundu ili kompyuta izisome, mashine ilimrudishia wastani mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye jibu la idara. Wakati wa likizo mashine hiyo ilipokea kazi za wanafunzi Jumatatu tu, na Jumatatu iliyobaki ilikuwa moja.

Ndipo alipofunga safari ya kumtafuta Mwalimu Telesphory, msaidizi wa mhadhiri, aliyekuwa nyumbani kwao likizo. Mwalimu alimpokea kwa masharti. Watakaa barazani, mama yake awepo, na yeye mwalimu hatashika penseli hata mara moja. Atauliza tu, na mwanafunzi atajibu kwa kuitembeza programu kwa mkono, mstari kwa mstari, kana kwamba yeye ndiye mashine. Siku ya kwanza Mwanahalima alilia kwenye basi la kurudia. Siku ya pili hakulia.

Kitwana aliambiwa yote hayo kwa sentensi tatu, na hazikumtuliza.

"Kwa nini hukuniambia umefeli?"

"Ulishajisifu Kibaha nzima."

"Na barua zangu? Nimeandika mbili. Wiki saba, Mwanahalima. Hata mstari mmoja."

Mwanahalima alifungua mkoba wake, akazitoa. Bahasha mbili, gundi yake haijaguswa.

"Nilisema nitazifungua nikishafaulu. Ningezisoma ningejibu, na ningejibu ningekudanganya. Sikutaka kukudanganya."

Kitwana aliziangalia zile bahasha kwa muda. Kisha akakaa kwenye kiti, taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo baya.

"Basi hujui nilichoandika kwenye ya pili."

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba kama hakuna jibu mpaka leo, tarehe kumi na moja, Mzee Jumbe atakwenda Kisarawe kurudisha neno. Ameondoka asubuhi na basi la kwanza."

Mama Wilhelmina aliacha kuchambua mchele. Telesphory alivua miwani. Mwanahalima aliitazama barabara, magari yanavyokwenda upande wa Dar es Salaam, na moyo wake ulimuuma kwelikweli. Alimpenda huyu mtu. Alimpenda tangu alipomwona amelowa chapachapa kwenye mlango wa baba mdogo, amekumbatia barua ya posa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe kama yeye.

Angekuwa msichana mwingine angeziacha karatasi na kukimbilia basi. Huyu alishika penseli.

"Nipe nusu saa," alisema.

"Nusu saa ya nini? Posa inavunjika."

"Posa tutaifuata. Nikiondoka sasa bila kuipata hii, Jumatatu nitakuwa mke wako aliyefukuzwa chuo, na nitakulaumu mpaka uzeeni. Nusu saa, Kitwana."

Kitwana alimtazama mwalimu kama anayeomba msaada. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa mapenzi hata kidogo, alifanya jambo moja alilolijua vizuri.

"Mwanahalima, mweleze yeye," alisema. "Mimi nimeshakusikia mara nne, masikio yangu yamezoea. Maagizo yako nimeyapitia yote na sioni kosa. Mweleze mtu asiyejua kitu."

Mwanahalima akaanza. Alimweleza kwamba kila siku ni kadi moja, kila kadi ina namba ya kituo, tarehe, na kiasi cha mvua. Mashine inasoma, inajumlisha, inagawa kwa idadi ya siku. Alimwekea mbele orodha iliyopigwa chapa chuoni, vituo vimepewa namba bila majina, akamwonyesha cha saba. Kitwana alifuata kwa kidole kwa ajili ya heshima tu, akili yake iko kwenye basi la Mzee Jumbe. Kidole kikasimama.

"Namba hizi ni zangu."

"Zako vipi?"

"Hii Aprili nimeipima mimi. Tarehe tano, milimita sitini na mbili. Siku hiyo maji yaliingia ofisini, sitaisahau. Hiki kituo cha saba ni Kibaha." Akashuka chini na kidole. "Na hapa, tarehe tisa, kumi na kumi na moja, niliacha wazi. Mashine yako inapafanyaje hapa?"

"Kadi ikiwa haina kitu, mashine inasoma sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri. Haikunyesha."

Kitwana alikasirika upya, lakini safari hii kwa jambo jingine kabisa.

"Nani kasema haikunyesha? Sifuri naiandika kwa mkono wangu. Maana yake nimekwenda, nimetazama, hakuna maji. Nikiacha wazi, maana yake sikupima. Niliporudi chombo kilikuwa kimefurika, sikujua ni kiasi gani, na mimi siandiki nisichokijua."

"Siku tatu ulikuwa wapi?"

"Mwanahalima, tarehe tisa ya Aprili nilikuwa wapi?"

Mwanahalima alijua. Kitwana alikuwa mlangoni kwao Kisarawe, amelowa, na mfuko wa nailoni kifuani. Mvua ilimzuia asirudi kwa siku tatu, akalala kwa jirani, na kila asubuhi alikuja kumsalimu baba mdogo kwa visingizio. Mvua ile Mwanahalima aliiona kwa macho yake mwenyewe, kisha akakaa wiki saba akiiambia mashine kwamba haikunyesha.

Mwalimu Telesphory alikuwa amesimama. Mkono wake uliielekea penseli, akaurudisha mfukoni.

"Kwa hiyo utafanya nini?" aliuliza.

"Pale palipo wazi nitatoboa namba ambayo mvua haiwezi kuwa. Hasi moja. Halafu niiambie mashine ikiikuta iiruke, isiijumlishe, na siku hiyo isiihesabu."

"Andika."

Aliandika. Kitwana alimsomea tarehe zilizo wazi, moja baada ya nyingine, na yeye akajaza fomu ya kutobolea kadi. Walipojumlisha na kugawa kwa mkono, wastani ulilingana na jibu la idara. Mwalimu hakumpongeza. Alisema tu kwamba Jumatatu afike mapema, foleni huwa ndefu. Lakini Mama Wilhelmina alimwona mwanawe akitabasamu, uso ameuelekeza ukutani.

Ndipo Kitwana alipoziokota zile bahasha mbili mezani.

"Wiki saba uliacha wazi," alisema polepole, "na mimi nikasoma sifuri."

"Ungekuja kupima."

"Nimekuja leo."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Twende."

Basi halikuwepo. Walipata lori la mkaa kutoka Kwala, wakasimama nyuma kati ya magunia mpaka Ubungo, kisha wakabadilisha mabasi mawili. Njiani hawakusema mengi. Mwanahalima alishikilia mkoba wenye fomu, na Kitwana alimshikilia Mwanahalima kila lori liliporuka shimo, na mashimo yalikuwa mengi.

Kisarawe walifika alasiri, weusi kwa vumbi la mkaa. Mzee Jumbe alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekula, amekunywa chai, bado hajasema kitu. Wenyewe mnajua, mshenga hatoi neno la posa kwa wanawake wa nyumba. Anamsubiri mwenye nyumba, na Mzee Mwinyimadi alishinda shambani kwenye mihogo yake. Ndiyo kwanza alikuwa ananawa miguu.

"Mzee Jumbe," Kitwana alisema, akihema, "lile neno usiliseme."

"Neno gani?" Mzee Mwinyimadi aligeuka na kata ya maji mkononi. "Nyie mmetoka wapi mmekuwa hivyo?"

Mshenga alitazama juu. Mwanahalima alipiga magoti mbele ya baba mdogo. Shikamoo yake ilipoitikiwa, akasema yote: kwamba amefeli, kwamba ameficha, kwamba safari za Dar alizoaga zilikuwa za Kibaha kwa mwalimu, kwamba barua za mchumba hakuzifungua. Hakulia wala hakujitetea.

Mzee aliiweka kata chini. Kisha akamgeukia Kitwana.

"Na wewe ulikuja kuvunja?"

"Nilimtuma mzee aje avunje. Nilikosa. Nilihukumu kitu nisichokipima. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuomba usubiri Jumatatu."

"Jumatatu akishindwa?"

"Nitamwoa. Akishinda nitamwoa akimaliza mwaka wake. Yeye atachagua."

"Nitashinda," alisema Mwanahalima, bado amepiga magoti.

Jumanne mchana ofisini kwa Kitwana ilifika simu ya maandishi toka posta: KITUO SABA SAWA. NIMEFUNGUA BARUA. YA PILI NIMECHANA. MWANAHALIMA. Kitwana aliisoma mara tatu, akaibandika ukutani juu ya fomu zake za mvua.

Harusi ilikuwa Novemba ya mwaka uliofuata, Kisarawe, mvua za vuli zimekolea. Ndoa ilifungwa, pilau likaliwa, ngoma ikaanza, na Mwalimu Telesphory haonekani. Mama yake alikuwapo tangu jana. Mwanahalima alianza kununa kimoyomoyo. Saa nane mchana ndipo alipoingia, suruali imelowa mpaka magotini, miwani ina ukungu, akapita katikati ya wanawake wanaocheza moja kwa moja mpaka walipokaa maharusi.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema. "Nilipitia Kibaha kwanza. Saa tatu kamili nilikuwa kwenye kipimo, ili leo pasibaki wazi."

Akatoa mfukoni kadi iliyotumika, nyuma yake ameandika kwa penseli. Kitwana aliipokea kwa mikono miwili, akampa mkewe aisome.

"Milimita kumi na nne," Mwanahalima alisoma, na hapo ndipo alipolia.