Dadu za Bure

Saa nne na robo asubuhi, wakati umati wa watu wapatao mia tatu ukirejea kwenye meza zake mikono mitupu, mwanamke mmoja fundi seremala aliinua kitambaa cha meza yake, akachungulia chini, akakishusha, kisha akakiinua tena, kana kwamba mara ya kwanza meza ilikuwa ikimtania.

"Limekwenda," alisema. "Sanduku langu limekwenda!"

Ndani ya sanduku hilo la mbao, lenye kimo cha shubiri moja, mlikuwa na mchezo uitwao Ghala. Fundi alikuwa ameubuni na kuuchonga mwenyewe kwa miaka miwili, na nakala nyingine haikuwapo. Saa tisa alasiri mchapishaji wa michezo angefika kwenye tamasha hilo la michezo ya mezani ili aucheze. Akiupenda, angeuchapisha. Asipoukuta, angekwenda zake, na fundi angerudi kuwachongea watu vitanda.

Ulinzi wa ukumbi ulikuwa mikononi mwa Sajini mstaafu, mwanamke aliyetuliza fujo za viwanja vya mpira miaka mingi na kuikubali kazi hii akidhani ni mapumziko. Alikuwa amekwisha kujuta. Mshabiki wa mpira akipulizwa kipenga hutawanyika. Mshabiki wa michezo ya mezani husimama palepale na kuuliza kipenga hicho kimepulizwa kwa kanuni ya ngapi. Asubuhi hiyo hiyo Sajini alikuwa ameamulia watu wazima wawili, mmoja wao daktari wa meno, waliokabana koo kwa ajili ya ng'ombe wa plastiki.

"Ilikuwaje?" Sajini alimuuliza fundi.

"Afande, si ulisikia mwenyewe? Mtu kapaza sauti, 'Dadu za bure mlangoni!' Ukumbi mzima ukainuka."

"Na wewe ukainuka."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nyumbani nina kopo zima la dadu. Lakini hizi zilikuwa za bure."

Dadu hazikuwapo. Mlangoni palikuwa na kreti za soda tu, ambazo umati ulizipindua kabla ya kuugundua ukweli, na sasa kila aliyefika huko alinata sakafuni kwa kila hatua, kwachu, kwachu, mithili ya bata anayejinasua matopeni. Sajini naye alinata.

Aliikagua meza na viti vilivyoizunguka. Viti vya ukumbi vilikuwa vimeazimwa kutoka shule ya chekechea, kwa uamuzi wa kamati ambao hakuna mwanakamati aliyejitokeza kuutetea, hivyo watu wazima walikaa magoti yakiyasogelea masikio. Kando ya meza alikuwapo mama mkwe wa fundi, bibi wa kimo cha wastani mwenye kilemba na kidoti cheusi juu ya mdomo. Alikuwa ameketi juu ya mto wake wa sufi, miguu ikining'inia, akimenya chungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Hawa watoto wa watu wamekosa malezi."

"Ulimwona aliyechukua sanduku?"

"Nimwone kwa macho yapi? Nilibebwa na umati mpaka huko mlangoni kama gunia la viazi! Nimerudi sasa hivi, hata pumzi sina."

Kwa mtu asiye na pumzi, alizungumza vizuri. Sajini alimpa pole, akageukia meza ya jirani.

Hapo alikaa shemeji wa fundi, mdogo wa mumewe na kitindamimba wa bibi yule. Naye alikuwa amebuni mchezo, uitwao Kodi na Ushuru, ambao mshindi wake ni yule anayechelewa kufilisika. Tangu asubuhi mtu mmoja tu alikuwa ameketi mezani pake, na huyo alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Mchapishaji asipoikuta Ghala, atacheza nini?" Sajini aliuliza.

"Atacheza wangu," Shemeji alijibu, kisha akasikia alichosema. "Afande, ngoja! Mimi niibe kitu cha shemeji yangu? Tena mchezo wenyewe bahati nasibu tu. Unajaza ghala lako taratibu, mara mtu anatupa sita, kile kikete kiitwacho Bibi kinaingia bila hodi, kinakula kila kitu, kinaondoka kikilalamika. Huo ni mchezo au ni mkosi?"

Mama yake aliacha kumenya chungwa.

"Kwani mama nawe umeuona mchezo huo?" Shemeji alimuuliza.

"Niliuona jana usiku ukipangwa mezani," bibi alijibu. "Niliuona vizuri."

Shahidi wa tatu alikuwa Bingwa wa tamasha wa mwaka uliopita, mwalimu wa hesabu, aliyekuja akinata.

"Sauti iliyotangaza dadu ilikuwaje?" Sajini alimuuliza.

"Sikuichunguza, Afande. Niliitii. Ilikuwa kama ninaitwa nyumbani nikaoge."

"Hata mimi," alisema daktari wa meno kwa aibu. "Niliitika 'Naam, mama' nikiwa nimekwisha kusimama."

Hadi saa nane na nusu Sajini alikuwa amepekua kila begi, na umati ulikuwa umechoka kungoja haki. Neno lilikuwa limeenea kwamba mwizi ni Shemeji. Wengine walimshika ukosi wamtoe nje. Wengine walimvuta ndani, wakidai kwamba kumtoa nje kunahitaji kura za theluthi mbili. Meza mbili zilipinduka. Kipenga cha Sajini kililia, watu wakajadili uhalali wake.

"Jamani, shati!" Shemeji alilia. "Shati ni la kuazima!"

Sajini aliitazama miguu ya Shemeji: kwachu, kwachu. Huyu alikuwa amekimbilia mlangoni kama wenzake. Aliuacha umati, akaenda kusimama mbele ya bibi.

"Mama, naomba usimame."

"Magoti yananiuma."

"Yangu ndiyo yanayopaswa kuuma. Nikikaa kwenye viti hivi yananigusa kidevu. Wewe na mimi tuna kimo kimoja, na miguu yako inaelea. Mto wa sufi haumnyanyui mtu shubiri nzima. Na kwa kuwa inaelea, nyayo za viatu vyako nimeziona: kavu kabisa. Aliyefika mlangoni ananata, mama. Wewe hukwenda popote."

Bibi alikuwa akimtazama kitindamimba wake, ambaye mkono mmoja wa shati ulikuwa umekwisha kung'oka.

"Mwachieni mwanangu!"

Ukumbi mzima ulimwachia. Daktari wa meno alisikika akisema, "Naam, mama." Kisha watu mia tatu wakatazamana, kwa maana sauti ile walikuwa wameshaitii mara moja siku hiyo.

Bibi alishuka kitini, akaondoa mto, akalitoa sanduku.

"Mama!" Fundi alishika kichwa. "Ni wewe? Kwa nini?"

"Nikuulize mimi. Ulipougua, nani alikaa nawe? Leo unanichonga mti na kunifanya mla maghala!"

"Si wewe, Mama."

"Kilemba ni changu. Kidoti ni changu. Hata pengo umelichonga!"

Fundi alikosa pa kutazama. "Nilikichonga kikete ule wakati ulipokuja kututembelea kwa siku tatu."

"Nilikaa siku ngapi?"

"Miezi mitano, Mama."

Ukumbini kila mtu alimkumbuka mkwe wake.

"Huyo mchapishaji akikichapisha," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa, "nitachekwa katika nyumba za watu nisiowajua."

Fundi alimshika mkono. "Ucheze mara moja tu, Mama. Ukimaliza, ukisema nimtoe Bibi, nitamtoa."

"Bila Bibi mchezo umekufa," Shemeji alisema.

"Basi utakufa."

Mchapishaji alifika saa tisa kamili, akawekwa kwenye kiti cha chekechea. Walicheza wanne. Bibi alitupa sita, akaambiwa kwamba zamu hiyo ni yeye atakayekiongoza kikete. Akakipeleka moja kwa moja kwenye ghala la mchapishaji, bila kusita na bila huruma. Alipotupa sita ya pili alilifuata la kitindamimba wake. Hakuna aliyemfundisha cha kufanya.

Mchezo ulipokwisha, mchapishaji alitazama ghala lake tupu.

"Nauchukua," alisema. "Ila huyu Bibi amezidi. Tumpunguze, ale nusu ghala."

Fundi alimgeukia mama mkwe wake. "Neno ni lako, Mama."

Bibi alimkazia macho mchapishaji. "Kijana, umeoa?"

"Nimeoa."

"Na mama mkwe wako akija kwako, hula nusu?"

Mchapishaji alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote, kisha akaliondoa pendekezo lake.