Flashi Ambayo Haikujaribiwa

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Saida alimshika Amondi mkono wakaenda pamoja kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, Nkende. Amondi haoni tangu utotoni. Alivaa spika za masikioni, akasikiliza kwenye kompyuta moja masomo ya darasa la saba ambayo wenzake walikuwa wamemsomea kwa sauti na kuyarekodi tangu Januari. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki sita.

Kompyuta hiyo ilitumia mfumo wa Linux, na toleo lake lilikuwa limepitwa na wakati. Mwalimu Modesta aliamua kuweka toleo jipya siku ya Jumamosi. Aliwaeleza wanafunzi kwamba hatari kubwa iko kwenye kuwaka. Mashine inapowashwa, programu ndogo hutangulia kuutafuta mfumo na kuuamsha. Programu hiyo ikiharibika, kioo hubaki cheusi hata kama kila kitu ndani ni kizima. Kwa hiyo mwanafunzi mwenzao, Olima, alipewa kazi ya kufuta mafaili ya zamani yaliyojaza sehemu ya kuwashia, yaani pale programu hiyo inapokaa. Saida alitakiwa kutengeneza flashi ya uokoaji, inayoweza kuiwasha kompyuta mfumo wake ukishindwa, kisha aiwashe kompyuta kwa flashi hiyo kuhakikisha inafanya kazi. Nakala za masomo zilikuwepo, lakini diski ya nje ilijaa, zikaishia darasa la sita; ya darasa la saba yalikuwa kwenye kompyuta hiyo tu.

Ijumaa jioni Saida aliitengeneza flashi kwenye kompyuta ya ofisini. Uwanjani mechi ya netiboli ilikuwa imeshaanza, na yeye alikuwa mchezaji. Aliichomoa flashi, akaandika kwenye daftari la kazi, "Imejaribiwa, inafanya kazi," akakimbia.

Jumamosi kazi ilikwenda vizuri hadi saa tano, umeme ulipokatika. Uliporudi, kompyuta haikuwaka. Mwalimu Modesta hakuonyesha wasiwasi. Alichomeka flashi, akasubiri. Kimya. Alirudia mara tatu, kisha akafungua daftari na kusoma alichoandika Saida.

Akasema kwamba kama flashi iliwasha mashine hii jana na leo imeshindwa, basi mashine yenyewe imeungua. Akampigia fundi wa Mwanza, akaambiwa ailete, ila hataimaliza kabla ya mtihani. Akaanza kuchomoa nyaya.

Amondi alikuwa amekaa pembeni na spika zake mapajani. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu angeweza kumsomea tena Sayansi yote. Saida alijua kwamba akinyamaza, lawama zote zitabebwa na umeme.

"Mwalimu," alisema, "sikuijaribu flashi. Niliandika uongo."

Mwalimu Modesta aliuachia waya aliokuwa ameushika.

"Hukuijaribu hata mara moja?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuwa nawahi mechi."

Mwalimu hakumgombeza. Alimpeleka ofisini, wakaitengeneza flashi upya, safari hii wakangoja mpaka mwisho. Hapo Saida akatambua kwamba jana aliichomoa kabla haijakamilika. Waliporudi na kuichomeka, maandishi yakatokea kwenye kioo. Mashine ilikuwa nzima. Kwa muda wa saa nzima Mwalimu alirekebisha sehemu ya kuwashia, kisha akamalizia toleo jipya. Masomo yote yalikuwepo.

Saida alimwendea Amondi akamwomba msamaha.

"Nimeumia," alisema Amondi. "Lakini nafurahi umesema leo, siyo baada ya mtihani."

Kabla ya kufunga chumba, Mwalimu Modesta aliwakalisha wote.

"Flashi mbovu ni kosa dogo, tumelirekebisha kwa saa moja," alisema. "Kilichotaka kutuangamiza ni yale maneno ya daftarini, kwa sababu mimi niliyaamini. Niliilaumu mashine isiyo na kosa, na nilikuwa tayari kumnyima Amondi masomo yake. Mtu akiandika kwamba amekagua, wenzake wanaacha kukagua. Wanamtegemea yeye. Saida, wiki ijayo utakagua tena kazi zote, na mimi nitasaini chini ya jina lako. Usiandike kitu ambacho hujakiona kwa macho yako."

Saida alikifuta kile alichoandika Ijumaa kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: "Haikujaribiwa." Kisha akatia jina lake.