Matunda ya Nyumba Isiyo na Watu

Nawategea kitendawili, wajukuu zangu, na asiyejua asione haya. Mgeni wangu namwandalia chakula kila siku, akija kula namrushia mawe. Ni nani huyo? Fikirini polepole. Sisi wa Minokura tulikaa na jibu lake mlangoni petu miaka mingi, na hatukuliona.

Minokura ni kijiji chetu, juu mlimani. Nyumba zinazotoa moshi sasa ni chache. Vijana wameshuka kwenda Osaka na Kobe, tumebaki wazee na bustani zetu. Jirani zangu ni Mzee Tokuji na mkewe Kiyono. Kila asubuhi Kiyono hupika wali na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa. Tokuji hulalamika kwamba supu ina chumvi, kisha huomba bakuli la pili. Halafu wote wawili huenda bustanini. Figili zao huwa nyeupe na nene kama paja la mtoto mchanga.

Mwaka mmoja nyani walizidi. Walianza na maboga. Wakafuata viazi vitamu. Nyani wetu wana uso mwekundu na makalio mekundu, na aibu hawana. Figili zilipoanza kunenepa, wakazivamia nazo. Wanang'oa moja, wanaiuma mara moja, wanaitupa, wanang'oa nyingine.

"Afadhali wangemaliza moja!" Kiyono alilalamika. "Wanaonja tu, kama wako sokoni!"

Binti yao, Nanae, alipiga simu kutoka Osaka.

"Mama, basi sasa. Mnalima kuwalisha nyani. Mwisho wa mwaka nakuja na gari kuwachukua. Chumba chenu kipo tayari."

Tokuji alisikia maneno hayo. Alitoka nje akasimama katikati ya figili zilizoumwa, mikono nyuma. Nilimwona kutoka dirishani kwangu. Mtu aliyezaliwa mlimani ukimweka ghorofani mjini, anaishi, ndiyo, lakini anaishi kama mche uliotiwa ndani ya kikombe.

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, wakaja wanafunzi watatu wa chuo kikuu. Walifikia katika jumba letu la mikutano. Kiongozi wao alikuwa Shiori, binti mwenye sauti ndogo na viatu vikubwa. Takuto alikuwa kijana mrefu anayekula sehemu ya watu wawili. Wa tatu ni Bimala, aliyetoka Nepal kuja kusoma huku kwetu.

"Tumekuja kujifunza maendeleo endelevu," Shiori alisema, akainama kutuamkia.

"Ndiyo nini hayo, mjukuu wangu?" nikamuuliza.

"Ni watu kuishi vizuri leo, bila kuwaharibia watakaokuja kesho, Bibi."

"Hapa watakaokuja kesho ni nyani," Tokuji alininong'oneza. Nikaziba mdomo nisicheke mbele ya wageni.

Wakapita nyumba kwa nyumba na maswali yao. Tatizo kubwa la kijiji ni lipi?

"Hakuna tatizo," Kiyono aliwajibu. "Kunyweni chai. Hii achari ya figili nimeitengeneza mwenyewe, jaribuni."

Na mimi nikawajibu vivyo hivyo. Kwetu mgeni hapewi malalamiko. Hupewa chai.

Jioni niliwapelekea viazi vya kuchoma. Nikamkuta Takuto amelala chali sakafuni.

"Tumbo langu limekuwa mtungi," alisema. "Chai tupu! Na kijiji hiki hakina tatizo hata moja. Tutaandika nini?"

"Andika kwamba achari ni tamu," Shiori alimjibu, lakini uso wake ulikuwa umenywea.

Bimala alimenya kiazi taratibu. "Kwetu milimani pia mgeni haambiwi kitu," alisema. "Lakini anayeshika jembe si mgeni tena. Kesho tuache maswali tukalime."

Basi kesho yake wakaenda kwa Kiyono kuomba majembe. Kiyono alikataa, akakataa tena, kisha akawapa. Na kelele zikaanza.

"Shika chini zaidi, mwanangu! Jembe hilo unalikaba koo! Wewe mrefu, hayo si magugu, hizo ni figili zangu!"

"Samahani, Bibi! Niirudishe?"

"Utairudishaje? Tia kikapuni, utaila mwenyewe!"

Wakiwa bado wanacheka, kundi la nyani likatoka vichakani. Nyani jike mwenye mtoto mgongoni aliketi kwenye tuta, akang'oa figili, akauma. Kiyono akaokota jiwe, akarusha. Nyani akasogea hatua chache, akang'oa nyingine.

"Bibi," Takuto alisema taratibu, "hili ndilo tatizo ambalo halipo?"

Kiyono aliketi chini pale pale kwenye udongo. Akawaeleza yote: maboga, viazi, simu ya Nanae, gari litakalokuja.

"Sitaki kwenda," alisema. "Lakini nitamjibu nini mtoto? Anasema kweli. Tunalima, hatuvuni."

Bimala alimshika mkono wenye matope. Shiori alifikiri kidogo.

"Bibi, sisi hatujui dawa yake," alisema. "Lakini tunajua namna ya kuitafuta. Tuzunguke kijiji kizima na ninyi wenyeji. Tuangalie nyani wanapita wapi, na wanakula nini kabla ya kufika hapa. Kila tutakachokiona tukichore kwenye ramani."

Tukatoka wote, wenye fimbo na fimbo zetu. Tulipofika nyumba ya Muneoka, Shiori akasimama. Nyumba ile haina mtu, mlango umefungwa na mbao. Uani umesimama mti wa kaki, umejaa matunda ya rangi ya chungwa mpaka matawi yameinama. Chini yake maganda yaliyoumwa na mavi ya nyani yametapakaa.

"Nani anachuma haya?" Takuto aliuliza.

"Hakuna. Ni ya Muneoka," Tokuji akajibu.

"Yuko wapi?"

"Kobe. Alihama zamani."

"Sasa mbona hamchumi ninyi?"

Tukamtazama kama mtu aliyetuambia tukaibe.

"Mti wa mtu!" Tokuji alisema. "Uchume mti wa mtu?"

Tukaendelea. Kila nyumba tupu ilikuwa na mti wake, na kila mti ulikuwa umejaa. Tukafika nyuma ya bustani ya Kiyono, penye rundo la majani ya figili na kabichi zilizooza.

"Hiyo naitupa irudi udongoni," Kiyono alieleza.

Bimala akachuchumaa. "Haifiki udongoni, Bibi. Tazama alama hizi za meno."

Shiori akatandaza ramani juu ya jiwe. Alama za nyani zilitoka msituni, zikapita mti kwa mti, rundo kwa rundo, mpaka kwenye figili.

"Nyani hufuata chakula rahisi," alisema. "Mnyama akipata shibe bila kuhangaika, hurudi. Akishiba vizuri, huzaa zaidi. Matunda yasiyochumwa yanamleta kijijini. Mabaki yanamkaribisha bustanini. Kichaka kinamficha. Jiwe la mtu mmoja halimtishi, maana ameshajua ni la mtu mmoja."

"Nyani haoni kundule," nikasema, "na leo nyani ni sisi." Nadhani na ninyi mmeshalipata jibu la kitendawili changu.

"Basi tukate miti yote!" Takuto alisema.

"Kata kwanza hiyo miguu yako mirefu!" Tokuji alifoka. "Mama yake Muneoka alitulisha kaki hizo tukiwa watoto wenye njaa!"

Takuto akainama mpaka kiunoni. "Nisamehe, Babu. Nimeharakisha."

"Mti hauna kosa," Shiori alisema. "Tatizo ni matunda kubaki juu. Babu, tukimpigia simu mwenyewe?"

Tokuji alishika simu kana kwamba ni kaa la moto. Alimwamkia Muneoka, akazungukazunguka na habari za hali ya hewa, mwishowe akautaja mti wa kaki.

"Bado unazaa?" Muneoka aliuliza. "Chumeni, jamani, chumeni yote! Miaka yote hii nimekuwa naona haya kuwaomba mnichumie."

Yeye anaona haya, sisi tunaona ni heshima, na nyani wanashiba.

Tulipiga simu kwa wenye miti wengine, na wote wakakubali. Tukachuma kwa mianzi mirefu iliyopasuliwa ncha. Kaki zetu zina ukakasi zikiwa mbichi, lazima zimenywe, zichovywe kwenye maji ya moto, zianikwe upenuni mpaka ziwe tamu. Takuto hakungoja kuambiwa.

"Ulimi wangu umevaa soksi!" alipiga kelele, na Kiyono akacheka mpaka akashika ubavu.

Juu kabisa ya mti wa Muneoka Tokuji aliacha tunda moja, kama desturi yetu ilivyo, kuushukuru mti. Shiori alilitazama kwa wasiwasi.

"Moja ni shukrani," Tokuji alimwambia. "Mia ni karamu."

Kaki zilizoanikwa tukazifunika kwa wavu. Mabaki ya mboga tukayatia shimoni lenye kifuniko kizito. Vichaka vya pembeni tukavifyeka. Tena tukapatana: nyani akionekana, kijiji chote kinatoka na masufuria na kupiga kelele pamoja, hata anayekula aache bakuli.

Kabla ya kuondoka, wanafunzi walituita tuitazame ramani. Tukaisahihisha, maana Takuto alikuwa ameihamisha nyumba yangu ng'ambo ya mto.

"Hii ni yenu, itabaki hapa," Shiori alisema. "Sisi tunabeba nakala. Mambo yakibadilika, ichoreni upya."

Nyani walirudi, wangekosaje kurudi? Walipanda ukuta wa Muneoka, wakautazama mti mtupu. Tukatoka na masufuria. Wakaja tena, tukatoka tena. Baada ya hapo walikuja mara chache, na mara nyingi waliishia msituni kwenye kokwa za miti ya huko.

Mwisho wa mwaka Nanae akafika na gari kubwa. Viti vya nyuma alikuwa amevilaza kwa ajili ya mizigo. Kabla hajaingia ndani, mama yake alimpa buti za mpira.

"Njoo unisaidie kung'oa."

Nanae alivuta figili ya kwanza, ikakataa, akavuta tena, akaanguka kitako nayo kifuani. Akacheka. Kisha akainua macho akaona tuta lote mpaka mwisho, kijani kibichi, halina pengo.

"Baba, zote hizi ni zenu?"

"Zetu na za nyani mmoja," Tokuji alisema. "Dume zee. Huyo tunajuana."

Nanae alikaa siku za sikukuu, akala kaki kavu, akalala sana. Habari ya mizigo hakuitaja. Gari lililokuja kuchukua wazee wawili lilishuka mlimani limejaa figili, limelemewa nyuma, na Tokuji alilipungia mkono mpaka likapinda kona.

Kisha akageuka.

"Mama Nanae," aliita, "mbegu za maboga umeziweka wapi?"