Vifaa vya Bwana Stempu

Siku ya tatu tangu avae vifaa vya masikio vya kumsaidia kusikia, mama mkwe alianza kumjibu mtu asiyeonekana. Alikuwa jikoni akimenya vitunguu, akasema kwa upole, "Subiri basi, baba. Nikimaliza nitavivua." Binti yake akageuka. Jikoni walikuwemo wao wawili tu.

Habari zilipomfikia mume wa binti huyo kazini, alikisukuma kikombe cha chai pembeni. Yeye ndiye mpimaji wa masikio wa zahanati ile, hodari wa kuwahubiria wagonjwa kwamba kifaa bila kipimo ni sawa na miwani ya kuokota. Lakini mganga hajigangi, na huyu alishindwa kumpima hata mama mkwe wake. Haya ilimjaa siku ile ya kumpa vifaa. Amkalishe chumbani, amvute sikio, amchungulie ndani? Mama wa mkewe! Badala yake alifungua droo akatoa vifaa alivyokuwa amevirekebisha kufuata kipimo cha Bwana Stempu, karani mstaafu wa posta, aliyefariki siku moja kabla ya kuja kuvichukua. Akamwambia mama kwamba vimewekwa sawa kwa ajili yake.

"Anasema nini huyo mtu?" mpimaji aliuliza alipofika nyumbani, macho sakafuni.

"Anasema hivi ni vyake," mama alinong'ona. "Jini gani lenye adabu hivi? Linaniamkia kwanza. Ila halinyamazi, na leo linagonga mihuri, ta, ta, hapa shingoni."

Mkewe alimvuta pembeni. "Kaka zangu wanasema mama amerukwa na akili. Kesho kutwa wanampeleka hospitali ya vichaa."

Angeweza kukiri ukweli pale pale. "Mlete kesho nimpime upya," alijibu. Upya, kana kwamba kuna mara ya kwanza.

Kesho yake mama aliketi nyuma ya kioo, katika chumba kisichopitisha sauti, amevua vifaa na kuvaa visikilizio vikubwa. Mke wa mpimaji alisimama mlangoni. Kazi ya mgonjwa ni kubonyeza kitufe kila asikiapo mlio, na taa ndogo huwaka mezani kwa mpimaji. Taa ikawaka.

"Mama, bado sijaanza."

Mama aliinua mikono yote miwili. Kitufe kilikuwa kimelala kwenye kiti cha pili, hakuna aliyekigusa, na bado taa iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, kwa mwendo uleule wa mtu agongaye mihuri kwenye rundo la barua, huku harufu ya gundi ya bahasha ikichanganyika na ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililofukuliwa asubuhi ileile, ikipanda kutoka chini ya meza hadi puani mwa mpimaji, naye akahisi pumzi baridi ikilikaribia sikio lake kwa adabu, kama ya mtu aliyekuja kuulizia mzigo wake.

"Mama, nisamehe!" Mpimaji alipiga magoti mbele ya mama, mkewe akitazama. "Sikukupima. Nilikuonea haya. Nimekuvisha vifaa vya marehemu."

Taa ikazima. Mama alivua visikilizio taratibu. "Mimi ulinionea haya, mwanangu. Marehemu hukumwonea?"

Mkewe alimsogezea kiti, akamwonyesha mashine.

Alimpima mama, mlio kwa mlio, sikio la kulia kisha la kushoto. Kipimo kilitoka tofauti kabisa na cha marehemu. Akamwekea vifaa vipya kwa kukifuata, na mama akatabasamu: alisikia ndege dirishani, na hakuna mwingine. Vya Bwana Stempu vilifungwa vizuri vikapelekwa kwa mjane wake siku hiyohiyo.

Walipoondoka, mpimaji alizima mashine na kuchomoa waya ukutani. Aibu ilikuwa bado inamuunguza uso. Lakini moyoni alishukuru kidogo kwamba mkewe hakuuliza kama kuna wengine aliowavisha bila kuwapima.

Taa ikawaka mara mbili. Na kweli, aliowavisha hivyo walikuwa wawili.