Mdomo wa Kidoti Ukutani

Kliniki ya meno ilifurika asubuhi ile, watoto wakilia kama walioambizana. Tabibu wa meno alipoita mgonjwa anayefuata, akaingia msusi, gauni la kijani limemkaa sawasawa, mikono ikinukia mafuta ya nywele, amembeba binti yake mdogo. Mtoto alifahamika kwa jina la utani, Kidoti. Meno yake ya mbele yalikuwa yameliwa hadi karibu na ufizi.

"Analala na chupa?"

"Ya juisi. Ndiyo inayomtuliza nikiwa nasuka. Kwani haya si meno ya utoto, daktari? Si yataanguka tu!"

Tabibu hakucheka wala kumgombeza. Alimweleza kwamba mtoto akilala na kitu kitamu mdomoni, meno huoza, na kwamba jino la utoto hulishikia nafasi jino la ukubwani. Machozi yakamlengalenga msusi.

"Hakuna aliyewahi kuniambia."

Chupa ikatupwa siku ileile. Jioni akapiga simu kuuliza dawa ya meno iwe kiasi gani.

"Kama punje ya mchele."

"Na wewe umekula?"

"Bado."

"Kula bwana! Ukiumwa, nani atanitazamia mtoto?"

Simu hiyo ikazaa nyingine, na nyingine zikazaa mapenzi. Tabibu akawa anapitia saluni kila akitoka kazini, anamsugua Kidoti meno mbele ya kioo kikubwa.

"Mpenzi, hata busu lako linanukia dawa ya meno," msusi alimtania.

Siku aliyomvisha pete, wateja walipiga makofi, na Kidoti akacheka mdomo wazi mpaka kwenye koo.

Kisha mchana mmoja msusi alimpelekea chakula kliniki. Tabibu alikuwa ukumbini akiwafundisha kina mama. Ukutani ilimulikwa picha ya mdomo wa mtoto, mdomo tu.

"Mama yake akaniambia," tabibu alisema, akibana sauti iwe ya kike, "'Si yataanguka tu!'"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzazi hakosi kuutambua mdomo aliounyonyesha. Msusi aliliacha bakuli kwenye benchi, akatoka.

Tabibu alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena na tena kwa siku kadhaa, mwishowe akamfuata saluni.

"Sikutaja jina, mpenzi. Nilitaka waelewe."

"Wameelewa. Wameelewa mimi ni mjinga."

"Nimekosa. Nisamehe."

"Nilikuamini wewe kwa sababu hukunicheka. Tangu siku ile sijalala kabla ya kumsugua mwanangu meno. Mbona hilo hukuwasimulia?"

Tabibu aliinamisha kichwa. Hakulisimulia kwa sababu halichekeshi, na aibu ilimshika kulikubali hilo.

"Nimeshakusamehe," msusi alisema. "Na nakupenda, Mungu ananiona. Lakini juzi mteja aliyekuwepo ukumbini alimtambua mtoto hapa saluni. Akamwambia afungue mdomo, wenzake waone."

Kidoti alikuwa amesimama kando ya kioo. Tabibu akachuchumaa, akachukua mswaki mdogo, akanyoosha mkono.

"Njoo, mchumba wangu. Tusugue meno."

Mtoto alimfurahia kama zamani. Alicheka, tena sana, huku ameuziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Tabibu akaurudisha mswaki kikombeni. Alijua, hata kabla msusi hajaanza kuivua pete.