Amplifaya Iliyozimika Kwenye Kiitikio

Hivi wewe, kifaa kikichomolewa kwenye umeme kisha kikaendelea kunguruma, utakaa ukisikilize au utatafuta mlango?

Fundi alikuwa mtu wa kukaa. Alisomea umeme chuo kikuu, akafungua karakana katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, na hakuwa na subira na watu wanaotaja majini kabla ya kukagua fyuzi. Lakini amplifaya hii mikono yake ilisita kuipokea. Ilikuwa ndogo, ya gitaa la besi, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Miezi minne nyuma ilikuwa jukwaani siku mpiga besi alipopeleka mdomo kwenye maikrofoni aitikie wimbo, umeme ukampiga, akafa gitaa likiwa kifuani. Lawama zote zilimwangukia aliyetandaza nyaya za ukumbi ule. Huyo ndiye baba yake fundi. Tangu hapo mzee hakutoka chumba cha nyuma wala hakushika bisibisi, na mgeni akibisha hodi alijifanya amelala.

Aliyeileta ni kaka wa marehemu, mkuu wa bendi, ambaye mji mzima ulimwita Kiongozi. Sasa besi anaipiga yeye.

"Inazimika katikati ya wimbo," alisema kwa sauti ya chini. "Mafundi watatu wameshindwa. Sikutaka kuja hapa, dada, unajua mwenyewe. Lakini hii ina jini."

"Jini lenye akili lingechagua spika kubwa zaidi."

"Usicheke. Nimeshampelekea mganga, akaifukiza."

"Naona. Ameiziba feni kwa masizi."

Akaisafisha feni. Akakaza tundu la kuchomekea gitaa, akabadilisha waya wa spika, akabinya kila kiungo cha lehemu kwa ncha ya kijiti. Akaiwasha kwa waya wa umeme wa karakana na kuichezesha muziki wa redio saa mbili nzima. Haikukohoa.

"Haya, piga wewe. Kwa waya wako, kama jukwaani."

Kiongozi akapiga. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Alipofika pale mdogo wake alipozoea kuinamia maikrofoni, sauti ikakatika kama ya mtu aliyezibwa mdomo.

"Ni palepale?"

"Palepale. Kila siku."

Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa mlangoni. Fundi akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Akagusa chuma cha kuchomea lehemu: kilikuwa baridi. Kisha ukaanza mngurumo, mdogo, wa chini.

"Chomoa," alinong'ona.

Kiongozi akachomoa, akabaki ameshika plagi mkononi, na mngurumo haukukoma bali ulinenepa, ukashuka mezani na kuingia kwenye miguu ya viti, ukatikisa skrubu ndani ya kopo, na karatasi ya spika ikawa inatoka na kurudi, inatoka na kurudi, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala katika chumba ambacho wewe ulidhani uko peke yako.

Hofu ya fundi ilijua njia moja tu, kazi. Alimnyang'anya plagi akaifungua.

Fundi yeyote huacha waya wa ardhi mrefu kuliko wenzake, ili kamba ya umeme ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Ndio unaopeleka umeme uliopotea njia ardhini badala ya mwilini mwa mpigaji. Huu ulikuwa mfupi, umekazwa kama uzi wa gitaa, na ncha yake iling'aa wakati nyingine mbili zimefifia kwa uzee. Wapo wanamuziki wanaoukata ili kunyamazisha mngurumo. Wakaguzi walipokuja baada ya kifo kile waliukuta umefungwa mahali pake, wakamgeukia baba yake.

"Huu ulikatwa," alisema. "Halafu ukarudishwa."



"Kaka," ilisema spika.

Mtu mmoja tu alimwita Kiongozi hivyo, mdogo wake.

"Kaka, mngurumo umeisha?"

Kiongozi akapiga magoti. "Aliniuliza hivyohivyo," alinong'ona. "Kabla hatujaanza. Nikamwambia umeisha."

"Kwa nini uliisha?" Fundi hakurudi nyuma. "Baba yangu yuko nyuma ya ukuta huu. Sema asikie."

Kitanda kililia chumba cha nyuma. Mlango wa ndani ukafunguka, mzee akasimama pale, miguu mitupu.

Kiongozi akamtazama, na sauti yake safari hii ikaushinda mngurumo:

"Waya wa ardhi niliukata mimi, mzee. Kwa koleo langu, tukijaribu vyombo. Usiku uleule nikaurudisha, nikanyamaza. Nyaya zako hazikuwa na kosa. Nimemuua mimi."